Hasira Si Ugonjwa

Kabla ya vita, mtu wa mtaa wa Buyenzi aliyetaka kuoza mtoto alitafuta kwanza siku, kisha shehe, kisha akaenda kwa Sikuzani. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa kina mama wapishi wa harusi. Masufuria makubwa yalitokota mbele yake kwa wakati mmoja, naye alijua lipi limetiwa chumvi, lipi linangoja mchele, lipi limeiva na linataka kupaliwa makaa tu. Huku anaitikia salamu, huku anamkemea anayemenya vitunguu kwa uvivu, huku anauliza habari za wagonjwa wa Kanyosha. Hakuandika kitu. Vyote vilikuwa kichwani.

Mwaka 1995 mumewe Chabani, aliyekuwa fundi wa magari, alitoka asubuhi kwenda Kajaga kutengeneza gari la mteja, akapigwa risasi njiani. Sikuzani hakulia. Alikesha usiku baada ya usiku akisema peke yake, mpaka mchana mmoja watu wakamwona anatembea peku kuelekea ziwani, anamwita mumewe aje kula. Houda, wifi yake, dada wa marehemu, alimkimbilia akamrudisha, na kesho yake akampeleka kliniki. Kwa hilo hapakuwa na wa kulaumiwa. Alihitaji kulala, na dawa zilimlaza. Sikuzani mwenyewe hakuwahi kulikana.

Kilichokuja kumkasirisha ni yaliyofuata. Sindano kila mwezi, vidonge asubuhi na jioni, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Mate yalimchuruzika, miguu ikawa mizito, uso ukakaa kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kila alipofika kliniki, dokta Melchior aliuliza swali lile lile: analala? Wala hakumwuliza yeye, alimwuliza Houda. Houda alijibu kwamba analala vizuri na hana fujo, na wakapewa dawa nyingine. Hakuna aliyesema zitakwisha lini. Houda akashika uongozi wa wapishi, akashika na nyumba ya kaka yake, na watu wakamsifu kwa kumtunza mgonjwa. Kweli alimtunza. Alimwosha, alimlisha, hakumpiga hata siku moja.

Mwaka 2000, katikati ya mazungumzo ya Houda na daktari, Sikuzani alifungua mdomo akauliza, "Mi nitakunywa hizi mpaka lini?"

Daktari alishtuka kama aliyesikia kiti kinasema. Lakini alikubali kuzipunguza. Alizipunguza taratibu, kidonge kikawa nusu, nusu ikawa robo, sindano zikaachana mbali, na baada ya mwaka na zaidi zikaisha zote. Wazimu haukurudi. Usingizi ulikuja wenyewe, mate yakakauka, na Sikuzani akakaa akingoja kichwa chake kirudi kama watu walivyokuwa wanarudi kwenye nyumba zao walizozikimbia.

Hakikurudi. Alishika mwiko mkononi na jina la kitu hicho likampotea. Watu wawili wakisema kwa pamoja, maneno yalivunjika asiweze kuyaokota. Alianza kisa, katikati akasahau alikuwa anakwenda wapi nacho. Alifika sokoni akasimama mbele ya nyanya na ndagala, wale dagaa wa ziwani, hajui ametumwa na nani, naye ndiye aliyejituma. Siku moja alipotea Buyenzi, mtaa aliozaliwa, ambako njia zote zimenyooka na zina namba. Alisimama pembeni akazitazama zile nyumba, akaona haya kuuliza.

Walirudi kliniki. Dokta Melchior alisema hiyo si kazi ya dawa, dawa haziharibu kichwa. Ni ugonjwa wenyewe, au majonzi, au umri. Halafu akamgeukia Houda na kumwuliza kama haingekuwa afadhali waanze tena, kidogo kidogo. Sikuzani alisema hataki. Daktari akamwambia Houda amwangalie kwa karibu.

Tangu hapo hasira ya Sikuzani haikuwa tena mali yake. Akilalamika kwamba maharage yameungua, anaulizwa kama amekunywa dawa, ingawa alikwisha kuziacha. Akisema mpangaji anachelewa kufunga mlango wa ua, watu wanatazamana. Akipandisha sauti kwa lolote, hata la haki, Houda anamwita kwa upole mno, kwa sauti ile ya kumbembelezea mtoto mwenye homa, na anamshauri akalale. Mtu mwingine yeyote ua mzima aliruhusiwa kukasirika. Yeye akikasirika, ilikuwa dalili.

Mtu mmoja tu hakumfanyia hivyo, naye ni Léoncie. Alikuwa mama aliyekimbia Kamenge wakati wa mapigano, akapanga chumba uani kwao, na kazi yake ilikuwa kuwamenyea wapishi vitunguu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo alizoea kusema jambo moja, kusubiri, kisha la pili. Namna hiyo ilimfaa Sikuzani. Polepole akajitafutia na njia zake. Akipika, alitaja kwa sauti anachofanya: sasa naweka vitunguu, sasa naweka nyama. Akiitwa katikati ya kazi, haitiki mpaka amalize. Na kila sufuria lililokwisha kutiwa chumvi alilifunga kitambaa chekundu kwenye kishikio. Alipika hivyo chakula cha nyumbani, kisha cha matanga ya majirani, na kikalika.

Ndipo Mama Moza, mke wa Himid mwenye duka la vitambaa, alipomwoza binti yake Ghada. Alituma ujumbe akimtaka Sikuzani kwa jina, kwa sababu Sikuzani ndiye aliyepika harusi ya Mama Moza mwenyewe zamani. Houda alijibu kwamba Sikuzani atakuwepo. Hakusema zaidi.

Siku ya harusi, uani kwa Himid, Houda alimweka kwenye kigoda karibu na moto na kumwambia asiguse kitu, kukaa kwake kunatosha. Alipoona vitambaa vyekundu ambavyo Sikuzani alikwisha kuvifunga kwenye masufuria ya kwanza, alivifungua kimoja kimoja.

"Tutachekwa na watu," alisema.

Sikuzani angeweza kugomba, ila alijua kugomba kwake kungeitwa nini. Kazi ilikuwa ya mbio, maana chakula kilitakiwa kitoke mara tu baada ya adhuhuri, ili wageni wafike makwao kabla ya saa ya kutotembea usiku iliyowekwa na serikali. Wanawake waliitana, watoto walilia, ngoma ilikuwa imeanza upande wa pili wa ukuta. Mara moja alisikia harufu ya pilau inayoshika chini, akainuka, akafunua, akageuza, akafunika, akarudi kwenye kigoda chake.

Sinia za kwanza zilikuwa zimekwisha kuingia ndani Mama Moza alipotoka na sahani mkononi. Hakufoka. Alisema tu kwamba pilau ni chumvi tupu, wazee wameacha kula. Houda hakuonja. Aligeuka pale pale akamwomba msamaha: kosa ni la Sikuzani, kichwa chake si kizima, na yeye Houda angekuwa na akili angemwacha nyumbani.

Wote walimtazama. Sikuzani alitaka kusema si yeye. Alirudi nyuma kichwani akatafuta. Aliuona mwiko, akauona mvuke, akaona mfuniko ukimchoma vidole. Bakuli la chumvi je? Lilikuwa mkononi mwake au halikuwa? Alipotafuta hapo hapakuwa na kitu, wala ndiyo wala hapana, ukuta tu. Mtu mwingine angeapa papo hapo. Yeye hakuweza kumwapia Mungu juu ya jambo asilolikuta.

"Sijui," alisema.

Neno hilo lilitosha. Mmoja aliguna kwa huruma, mwingine akamshika bega amtoe nje. Hapo Léoncie aliinuka pale chini alipokuwa amekaa, maganda ya vitunguu yakimwanguka kwenye nguo, akasema kwamba yeye hakuondoka kwenye lile sufuria tangu nyama ilipoingia. Houda alitia chumvi. Houda akaitwa mlangoni kupokea wageni. Houda akarudi, akatia tena. Sikuzani aligeuza na mwiko, basi.

"Nilifikiri unaongeza kwa kupenda," alimwambia Houda. "Sikujua umesahau."

Houda alisema kulikuwa na kelele nyingi, kila mtu anamwita, na mtu yeyote anaweza kusahau.

Sikuzani aliutoa mkono uliokuwa begani mwake. Alisema polepole, kwa sababu akiharakisha maneno yangemkimbia.

"We ukisahau, ni kelele. Mi nikisahau, ni wazimu."

Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba ameanza, ashikwe. Mama Moza aliinua kiganja akataka aachwe aseme.

"Miaka ile yote mulinipenda sababu nilikuwa nimelala," Sikuzani aliendelea. "Mate yananitoka, munasema Sikuzani mutu mzuri, hana maneno. Hakuna mutu aliniuliza kichwa kiko namna gani. Sasa nimeamka na kichwa hakikutimia, na kila nikikasirika munaniuliza dawa. Leo mi niko na hasira, Houda, na si ugonjwa. Umenikosea mbele ya watu."

Hakungoja jibu. Alichukua kanga yake akatoka na Léoncie. Baadaye alisikia kwamba Houda alipika mchele mweupe haraka haraka akauchanganya na ile pilau, na wageni wakala, ingawa kwa kuchelewa. Haikumpoza.

Juma lililofuata alikwenda kliniki peke yake. Njia nzima alirudiarudia maneno aliyotaka kusema, na alipokaa mbele ya dokta Melchior nusu yake yakawa yamekwenda. Daktari aliangalia mlangoni akitafuta aliyemleta.

"Nimekuja peke yangu," alisema. "Nilikuwa na maneno, yametoka. Ngoja."

Daktari aliangalia saa. Sikuzani akamwambia tena angoje. Alingoja, pengine kwa mara ya kwanza. Maneno yaliporudi, Sikuzani alimwuliza kama alijua, tangu mwanzo, kwamba mtu anaweza kuacha zile dawa na kichwa kikabaki hivi. Daktari alianza na habari ya ugonjwa na majonzi. Sikuzani alimkatiza akataka kujua ameyajuaje hayo, maana miaka yote aliyompa dawa hakumwuliza hata mara moja zinamfanya nini. Alimwuliza Houda kama analala.

Dokta Melchior alivua miwani. Alisema yeye yuko peke yake kwa wagonjwa wengi, ni vita, dawa zikipatikana hutolewa na zisipopatikana hazitolewi. Sikuzani alisema vita anavijua, vilimwua mumewe, lakini havikumzuia daktari kumwuliza swali.

"Sijui, mama," daktari alisema mwishowe. "Inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa ugonjwa. Hatukupima kitu. Pengine kitarudi kidogo kidogo, pengine apana."

Sikuzani alimshukuru akatoka, na alipofika barabarani machozi ya hasira yalimtoka watu wakimtazama. Yeye alisema sijui, akahukumiwa mbele ya ua mzima. Daktari alisema sijui, akaita mgonjwa anayefuata.

Houda alikuja chumbani kwake baada ya siku kadhaa. Hakuomba radhi moja kwa moja. Alikaa mkekani akasema kwamba tangu ile siku ya ziwani hajawahi kusikia Sikuzani akipaza sauti bila moyo kumwenda mbio. Alimzika kaka yake, hakutaka kumzika na wifi yake. Ilikuwa afadhali kwake amwone amelala kuliko amkose.

Sikuzani alimsikiliza mpaka mwisho. Aliona ni kweli, na aliona pia kwamba haimsaidii.

"Nimekusikia, wifi," alisema. "Hofu yako usinipe mi niibebe. Ukiogopa, niulize. Niulize mi mwenyewe."

Walirudi kusalimiana na kula pamoja, lakini si kupika pamoja. Houda alibaki na harusi kubwa. Sikuzani na Léoncie walichukua hitima, akika za watoto, na shughuli za ndani za watu wasiotaka makundi. Ukungu wa kichwani ulipungua kiasi. Majina ya vitu yalirudi mengi, na njia za Buyenzi akazishika tena zote. Watu wawili wakisema pamoja, hakuweza tena kuwafuata, na ikafika miaka ya mwisho ya vita bado hawezi. Hasira yake kwa kliniki haikuisha wala hakuitafutia dawa. Kila mwenye mtu wake aliyepelekwa kule, Sikuzani alimwambia waziwazi: dawa zikihitajika akunywe, wala asiziache ghafla, lakini kila safari mumwulize yeye mwenyewe zinamfanya nini, na musijibu kwa niaba yake.

Mama Moza alipofiwa na mumewe, alimwita kupika hitima. Uani walijaa wanawake wa ukoo, na Sikuzani alipofunua sufuria la kwanza wakamvamia wote kwa maswali, mmoja juu ya mchele, mmoja juu ya maji, mwingine juu ya wageni wa Carama waliokwisha kufika. Aliweka mwiko chini.

"Moja moja," alisema. "Mukisema wote sisikii."

Walinyamaza. Mmoja alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. Kisha Mama Moza, akiwa ndani ya eda yake, aliuliza kutoka dirishani kama mchele uoshwe sasa au bado, na Sikuzani akafikiri kidogo, bila mtu kumharakisha, akamjibu bado.