Siku Shaima Alipomwangusha Mzee Subira

Mudi alikuwa na jina, na jina hilo hakupewa bure. Mafundi simu Kariakoo wamejaa hadi wanakanyagana, lakini Mwalimu alikuwa mmoja tu. Ukikwama kwenye ile gemu ya mapanga na mazimwi iliyokuwa ikiwatoa jasho watu wazima, ulimwandikia kwenye kundi la wasapu, naye alikujibu kwa sauti ya taratibu kama shehe aliyeulizwa suala la mirathi. Joka la mnarani? "Kelele tupu yule. Mwili mkubwa, akili hana. Ingia chini ya tumbo, mchome, hamna kazi." Mama wa buibui? "Yule mwonevu, anakutumia watoto kwanza. Maliza watoto wote ndo umguse mama." Watu walifuata, walishinda, na sifa zikamrudia nyumbani.

Tatizo lilikuwa bosi wa mwisho. Gemu yenyewe ni ya Kizungu na jina halisi la huyo bosi ni refu kama treni ya mizigo, kwa hiyo kundini walimwita Mzee Subira. Alikuwa shujaa mrefu aliyevaa deraya ya chuma, amesimama kwenye ukumbi wa chumvi, na mchezo wake ulikuwa mmoja: hunyanyua panga juu, halafu halishushi. Hulishikilia hewani, anakutazama. Subira ya watu wengine huvuta heri, ya huyu ilivuta kilio.

Sasa niseme ukweli ambao Mudi hakuusema. Mudi hakuwahi kumuua Mzee Subira. Mwezi wa Ramadhani kundi lilimwuliza mara kumi, akachoka kujibu "bado", akasema, "Yule nilishammaliza Jumanne," na picha akaweka, aliyoiokota mtandaoni. Uongo haukai peke yake, hutaka mwenzake, kwa hiyo ikabidi atoe na mbinu. Kaa mbali, mpige mishale, na panga likinyanyuka tu jibiringishe upesi. Aliitunga huku anabadilisha kioo cha simu ya mteja.

Watu watatu waliijaribu, wakafa, wakarudi kwenye gemu za mpira. Shaima hakurudi popote.

Huyu Shaima ni binti wa duka la vitenge Mtaa wa Kongo, amekulia nyuma ya kaunta. Kila Ijumaa baba yake alifunga duka kwa ajili ya swala hadi saa tisa, na yeye akapanda ngazi za ghorofa moja kuukuu pale Mchafukoge, kwenye chumba cha gemu cha mjomba wake Abdulkadiri. Kwa mjomba hakuna wa kumuuliza kafuata nini. Aliketi mbele ya runinga, akakunja mikono ya baibui lake, akacheza, akafa. Wiki tatu mfululizo alikufa mara arobaini na moja, na kila Ijumaa jioni alimwandikia Mudi neno lile lile: "Kosa langu, Mwalimu. Nachelewa kujibiringisha." Naye Mudi, Mungu amsamehe, alimjibu: "Ongeza kasi."

Ijumaa ya nne Mudi alikwenda mwenyewe kwa Abdulkadiri. Aliwaambia watu anakwenda kumtia moyo. Kusema kweli alikuwa akiomba binti wa watu akate tamaa, maana akikata tamaa uongo utazikwa na jina litabaki. Alimkuta Rogath, muuza viatu wa barabarani, amesimama nyuma ya kiti cha Shaima na mfuko wa karanga.

"Mwalimu huyo kafika!" akasema Rogath. "Mambo?"

"Poa. Shikamoo mzee Abdulkadiri."

"Marahaba. Njoo umwone mwanafunzi wako anavyochinjwa."

Shaima alikufa mara ya arobaini na mbili. Panga lilinyanyuka, akajibiringisha kama alivyofundishwa, akasimama, ndipo panga likamshukia. Mara ya arobaini na tatu ikawa hivyo hivyo. Hakupiga kelele wala hakulaumu padi ya kuchezea. Aliiweka mapajani, akaitazama runinga kwa muda mrefu, kisha akacheka peke yake.

"Huyu mzee namjua," akasema.

"Umemjua wapi?" akauliza Rogath.

"Dukani. We hujawahi kupatana bei na mtu? Mteja anapandisha sauti, anasema basi, naondoka zangu. Lakini bado anakutazama. Huyo haendi popote, anangoja umwite ushushe bei. Ukimwita tu, umeliwa. Anayeondoka kweli keshageuza macho duka la jirani." Akaonyesha kioo kwa kidole. "Sasa mtazame huyu. Kila akinyanyua panga ananitazama mimi. Na mimi kila mara namwita."

 Mudi aliona wazi kuwa maneno yale ni ya kweli, na kwamba yeye mwenyewe, kwa miezi yote aliyohangaika na yule mzee, alikuwa akitazama panga. Hata hivyo jina ni kitu kitamu, na mtu hakiachi kirahisi.

"Ukisimama bila kujibiringisha utakufa," akasema.

"Labda," akajibu Shaima kwa adabu. "Lakini hata nikikimbia nakufa, Mwalimu."

Akaingia ukumbini, na hakwenda mbali kama Mudi alivyowafundisha. Alimfuata mzee hadi miguuni pake, akasimama. Panga likanyanyuka. Rogath akaacha kutafuna. Kichwa cha deraya kilikuwa kimemwelekea Shaima, naye hakugusa kitu. Panga likakaa hewani, likakaa, kisha mzee akalishusha taratibu kama aliyeona aibu, na hapo Shaima akamchoma mara mbili akarudi mahali pake. Panga likanyanyuka tena. Safari hii kichwa kikageuka kidogo upande wa kushoto. "Anaondoka," akanong'ona Shaima, akajibiringisha, na panga likapasua chumvi tupu.

Mudi alisahau kuwa ana cha kuficha. Amewaona wachezaji wengi, wenye vidole vyepesi kama vya mpiga kinanda, lakini hakuwahi kumwona mtu anayecheza kwa kutulia namna ile. Hakuna kitufe alichobonyeza bure. Alipojeruhiwa hakukimbilia dawa, alingoja mzee ageuze kichwa, akapisha pigo, ndipo akanywa. Ilipofika mzee anawaka moto na mapigo yanakuja matatu matatu, yeye alikuwa akisema chini kwa chini, "Haendi. Haendi. Haendi. Haya, anaondoka," na kila neno lilikuwa sahihi. Raha iliyompanda Mudi kifuani haikuwa na wivu hata punje. Alitamani isiishe.

Mzee Subira akapiga magoti, akamwagika kama chumvi ya gunia lililotoboka.

Chumba kililipuka. Karanga zilimwagika, Abdulkadiri akampigia mpwa wake vigelegele kama mwanamke wa harusini, Rogath akapiga meza. Shaima, machozi yanamlengalenga, akageuka.

"Msinisifu mimi," akasema. "Msifuni Mwalimu. Wiki tatu kanivumilia na uzito wangu. Angekuwa mwingine angeshanichoka."

Abdulkadiri tayari alikuwa ameushika mkono wa Mudi anautikisa. Ilibaki kutabasamu tu, na jina lingekuwa kubwa maradufu. Mudi akauchomoa mkono wake.

"Shaima, mimi yule sijamuua," akasema. "Hata siku moja. Ile picha si yangu, na ile mbinu niliitunga kichwani."

Rogath alianza kucheka akidhani ni utani, kisha akaona uso wa Mudi, akainama kuokota karanga zake.

"Mara arobaini na tatu," akasema Shaima. Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa narudi nyumbani najiona mjinga. Nilimwambia mama nimezaliwa na mikono ya mbao."

"Najua. Uliniandikia kosa lako, nami nikakuacha uamini. Wewe hukuwa na kosa. Nisamehe."

 Mudi alingoja afukuzwe, na aliona ni haki yake. Shaima akafuta macho kwa ukingo wa mtandio, akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa tisa na robo, baba yake alishafungua duka. Akasimama, akamsogezea kiti, akamnyooshea padi.

"Kaa."

Mudi akaketi mbele ya watu waliomwita Mwalimu, akaingia ukumbini. Panga likanyanyuka. Vidole vyake vikakimbia kabla ya akili, akajibiringisha, akafa. Sekunde kumi na moja. Hakuna aliyecheka.

Shaima akavuta kiti cha pili, akaketi kando yake.

"Umemwita," akasema. "Haya, tena."