Ndimu ama Chungwa

Kulikuwa na jambo moja lililomkaa Naliaka rohoni: jina la marehemu mama yake, Nekesa, halikuwa limepata wa kulibeba. Mtoto wao wa pekee, hapo Gatongora walikoishi, aliitwa Benta, jina la mama ya Odongo mumewe. Basi akaamua kuzalisha nyanya mpya kwenye ndoo za veranda, alilipe jina hilo deni lake.

Alikuwa na vinyanya vya mama kutoka Bungoma, vidogo kama gololi. Akachukua ua la nyanya kubwa ya sokoni kabla halijafunguka, akaling'oa sehemu za kiume kwa kibanio cha nyusi, akalipaka vumbi la maua ya vinyanya. Tunda lilipoiva akapanda mbegu zake.

"Atakayetabiri ukubwa sawa ndiye atapeana jina," Odongo alisema. Yeye huchanganya rangi kwa kiwanda Thika, na kwake kila kitu ni nusu kwa nusu. "Itatoka chungwa dogo, katikati kabisa. Na itaitwa Omondi, jina la babu yangu."

"Hata nyanya nayo iende kwenu?"

Naliaka huuza maharagwe, na mizani yake ya sahani mbili anaijua. Alikuwa amepima: vinyanya vinne ni ndimu moja, na ndimu nne ni nyanya moja ya sokoni. "Nyanya haijumlishi, inazidisha," alisema. "Itatoka ndimu: mara nne ya kinyanya, robo ya ile ya sokoni."

Odongo alicheka mpaka akashika mlango. Mwanaume akicheka hivyo, ujue anajitafutia aibu. Lakini Naliaka aliogopa. Akishindwa, mama angekosa jina mara ya pili.

Jumapili moja baada ya kanisa, tunda la kwanza likawa tayari. Ndimu huku, nyanya kule. Sahani zikayumba, yumba, zikatulia sawasawa.

"Haya, umenishinda," Odongo alisema. "Ipe jina."

"Nekesa," alisema Naliaka.

Odongo akashika kisu aikate, halafu akakiweka chini polepole. Kwao na kwa kina Naliaka, mwanaume hali chakula mbele ya mama mkwe, na nyanya sasa ilikuwa Nekesa.

"Sasa mimi nitakula aje?"

"Shauri yako."

Huyo mama, Odongo hakuwahi kumwona. Alikufa kabla ya mahari kupelekwa. Odongo akavua kofia, akaiinamia nyanya.

"Habari yako, mama," alisema. "Ni mimi niliyemchukua Naliaka. Unisamehe, nilichelewa kuja."

Naliaka alicheka huku machozi yakimtoka. Na mpaka leo, kachumbari ikiwekwa mezani, Odongo huila akiangalia ukuta.