Hewa ya Gereji

Mume wangu ni fundi mzuri. Hilo lieleweke kabla sijamsema.

Baba alikuwa anapoteza macho. Daktari alishamwambia kuwa mwaka ule ndio wa mwisho kushika usukani, naye akaomba kitu kimoja tu: aendeshe gari lake la zamani hadi kileleni kwenye mashindano ya magari kupanda mlima.

"Injini niachie mimi, Baba," mkwewe akamwambia.

Akanunua sensa ya oksijeni ya kisasa, kipimo cha kuchomekwa kwenye ekzosi, bomba la moshi. Ile ya kawaida husema tu kwamba petroli imezidi au imepungua. Hii husema ni kwa kiasi gani. Ila kabla ya kufungwa, lazima ionjeshwe hewa safi ili ijue pa kuanzia. Siku hiyo mvua ilikuwa inamwagika. Fundi wangu akaionjesha humo humo gerejini, mlango umefungwa, pikapu ya mteja inanguruma pembeni.

"Si utoke nayo nje?" nikamwuliza.

"Hewa ni hewa, mke wangu."

Nikacheka, nikaenda zangu kuchemsha chai. Laiti ningemvuta shati.

Sensa ikauchukua moshi ule kuwa ndio hewa safi. Tangu hapo, gari likikanyagwa, ikawa inaonyesha petroli nyingi kuliko iliyokuwepo. Naye mume wangu akakiamini kioo cha sensa, akapunguza petroli, akapunguza tena. Injini yenye njaa ya petroli huungua ndani kwa ndani.

Siku ya mashindano, kwenye kona ya tatu, pistoni ikatoboka. Baba akalisogeza gari kando taratibu, akakaa, mikono bado iko kwenye usukani. Tulipomfikia tunahema, akamwambia mkwewe, "Usijali, mwanangu. Hiki ni chuma tu." Mume wangu akalia mbele za watu.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwetu yalitangulia hata mtoto. Sensa ilionjeshwa hewa upya, nje, juani, injini ikaundwa upya, na mwaka uliofuata gari likawa tayari. Macho hayakusubiri.

Asubuhi moja, barabara ikiwa tupu, nikaendesha mimi, Baba kando yangu, mume wangu nyuma. Injini iliimba njia nzima. Kileleni nikafunga breki.

"Mbona umesimama?" Baba akauliza.

"Tumefika, Baba."

"Aa. Haya, niambie, kukoje?"

Nikaanza kumweleza bonde lililo chini yetu. Nikageuka nyuma anisaidie mwenzangu, naye alikuwa ameinamisha kichwa.