Wakili wa Ukoo

Sajini alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya wakili, ameambiwa "subiri kidogo, mama" mpaka maneno yenyewe yamechakaa, mlango ulipofunguliwa akaingia mwenye nyumba. Yule yule bwana aliyekuwa akimuuzia nyumba.

"Karibu mzee, pita tu," karani akamwambia huku akiinuka. "Nikuletee chai yako ya siku zote?"

"Hiyo hiyo."

Akapita. Sajini akabaki anautazama mlango ukijifunga taratibu. Chai ya siku zote! Yeye hata maji hakupewa.

Jina la Sajini alipewa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Yeye ndiye msimamizi pale, na wenzake husema akiingia hata mashine hufua kwa adabu. Hakuwa mtu wa kukaa kwenye benchi akikuna kichwa. Akaubeba mkoba wake, akampita karani aliyekuwa akisema "mama, mama, ngoja", akaingia bila kubisha.

"Wakili, wewe unamtetea nani hapa?"

Wakili alikuwa mnene, mchangamfu, ana kicheko cha mtu asiyedaiwa majibu. "Aa, shemeji yangu! Kaa kwanza."

"Mimi si shemeji yako. Shemeji yangu ndiye aliyenileta kwako. Nimekuuliza, unamtetea nani? Mimi au huyu?"

"Wote wawili. Ndiyo raha yake! Mambo yanakwenda haraka, hakuna kuvutana."

"Huyu akinificha jambo, utaniambia?"

Mwenye nyumba akakohoa. Wakili akacheka. "Hapa hakuna anayemficha mwenzake."

"Na tukigombana, utasimama wapi?"

"Nitasimama katikati, mama."

"Katikati ya barabara husimama trafiki. Mimi nilikuwa natafuta wakili." Akageuka, akatoka. Nyuma yake alisikia kicheko kile kile, kisha kijiko kikigonga kikombe.

Alipofika nyumbani habari ilikuwa imeshamtangulia. Kaka mkubwa wa mumewe alikuwa amejaa kwenye kochi, miguu mbele. Mumewe alikuwa amekaa pembeni, anakagua kucha zake.

"Shemeji, umetuvua nguo," kaka mtu akaanza. "Unamvamia mtu mzima ofisini kwake? Mtu aliyemtoa baba yetu mahabusu?"

Hapo ndipo mzizi ulipokuwa. Miaka mingi nyuma, baba mkwe alimzaba mtu kofi kwenye harusi, akalala ndani, na wakili yule akamtoa. Tangu siku hiyo akawa Wakili wa Ukoo. Wa ajali yeye, wa talaka yeye, wa mirathi yeye. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kazi hiyo anaijua. Kutaja jina la wakili mwingine ndani ya nyumba hiyo ilikuwa sawa na kumtukana marehemu.

"Baba yenu alikuwa mahabusu," Sajini akasema. "Nyumba yangu haiko mahabusu. Nyumba inataka mtu wa nyumba."

"Mdogo wangu, ongea na mkeo."

Mumewe akainua uso. "Mama watoto, kwani tukimwachia tu..."

"Tumwachie nini? Tumwachie nani? Huyo mtu ananunua na kuuza mwenyewe! Amebakiza kuhamia tu!"

Kwenye kiti cha dirishani mama yake Sajini akacheka peke yake, akaficha mdomo kwa upindo wa kanga. Ni kwa ajili yake nyumba ilitafutwa. Magoti yalikuwa yamemgomea, na wao waliishi ghorofa ya nne bila lifti. Siku za kliniki alishushwa juu ya kiti cha plastiki na majirani wawili, wakisemezana "kata kulia, inua, inua" kama wanahamisha kabati. Siku nyingine zote dunia yake ilikuwa dirisha lile. Nyumba waliyoipata haikuwa na hata ngazi moja. Ilikuwa na chumba karibu na mlango na uwanja wa kuota jua. Mara zote Sajini alipokwenda kuiangalia alikuwa akimwona mama yake pale uani, anatembea kwa miguu yake mwenyewe.

"Nitatafuta wakili wangu," akasema. "Atakayenuna anune."

Shemeji akanuna. Aliondoka bila kuaga, na mlango aliufunga kwa nguvu za ukoo mzima.

Kesho yake, mashine zikizunguka, Sajini alianza kuuliza kazini. Hakuuliza nani anajuana na wakili. Aliuliza nani amenunua nyumba na bado analala usingizi. Akapewa namba, akazipigia zote, na kila wakili aliyepokea akaulizwa swali lile lile: kazi hii utakuwa wa nani? Mmoja alijibu kwamba ofisi yake hufanya kila kitu, hata pasipoti. Mwingine aliuliza kwanza nyumba ni ya thamani gani, ndipo akaikumbuka salamu. Wa mwisho, mwanamke mwenye sauti kavu, alisema, "Wa kwako. Mwenye nyumba atafute wa kwake, na kama hana, nitamwambia hivyo mbele yako."

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la rangi, chumba kimoja kinachonuka tapentaini, kina viti viwili na feni iliyochoka. Hakucheka wala hakuagiza chai. Alimsikiliza Sajini mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwenye nyumba ana mke?"

"Anaye. Anasema mkewe hana neno."

"Mke mwenyewe amekwambia?"

"Hatujamwona."

"Hamjamwona, au hamjamuuliza? Dada yangu, nyumba wanayoishi mke na mume, mmoja haiuzi kwa siri. Mke asiporidhia kwa kinywa chake na mkono wake, hujanunua nyumba. Umenunua kesi. Nani huwafungulia mlango mkienda?"

Sajini akakumbuka. Kulikuwa na mwanamke. Kila walipokwenda, mwanamke mmoja mwenye aproni alitoka jikoni na trei ya glasi za maji. Mumewe na shemeji yake walichukua glasi huku wakipima kuta kwa macho. Yeye Sajini pia alichukua, akasema asante kwa trei. Alimdhania msichana wa kazi! Yeye, ambaye kutwa huwakoromea madaktari wanaowapita wafuaji bila salamu!

"Kesho tutakwenda wote tukamsikilize," wakili akasema.

Kesho ilikuwa mbali mno. Hasira zilimpeleka Sajini mpaka kwenye geti lile jioni ile ile, jua likiwa bado linawaka. Mwanamke mwenye aproni akafungua, mikono imejaa unga.

"Mume wangu hayupo, labda mrudi..."

"Nimekuja kwako, dada. Wewe ndiye mama mwenye nyumba?"

Mwanamke akamtazama kama aliyeulizwa kama yeye ni yeye. "Ndiye mimi. Kuna nini? Mkopo umekataliwa?"

"Mkopo gani?"

"Si nyinyi watu wa benki? Mume wangu aliniambia mnakuja kukagua nyumba ili tukopeshwe na benki, tumalizie paa la nyuma. Ndiyo maana nikawa nawaletea maji, nikasema labda mtatuhurumia."

Sajini akalisema palepale, bila kulizungusha, maana hakujua namna nyingine. "Mimi si wa benki. Nilikuwa nanunua. Mumeo anaiuza nyumba hii."

Mwanamke hakupiga kelele. Alijifuta unga kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, polepole. "Hii? Ukuta huu nimeubebea maji mimi, kwa kichwa, na mimba ya mwanangu wa mwisho. Anaiuza nikiwa ndani? Na mimi alikuwa anipeleke wapi?"

Kabla Sajini hajajibu, simu ikalia mkobani. Wakili wa Ukoo. Akaipokea, akaweka sauti kubwa, akainua kidole kumwambia mwanamke asikilize.

"Mama! Shemeji yako ameniomba nikusamehe, na mimi sina kinyongo. Nina habari njema. Kila kitu tayari. Hata mke wa mwenye nyumba ameshatia sahihi."

"Ameshatia sahihi?"

"Leo asubuhi, hapa hapa mbele yangu. Mama mpole sana, hana neno."

Mwanamke akaisogelea simu. "Mimi leo asubuhi nilikuwa kwa daktari wa meno," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Upande wa pili hata kicheko hakikuja.

"Umemsikia?" Sajini akaunguruma. "Huyo ndiye mke. Huyo aliyetia sahihi mbele yako ni nani, nyanya yako? Wewe ni mwizi mwenye tai! Tena usinipigie, wala usimpigie mume wangu, na shemeji yangu mwambie nimesema mimi. Baba yao ulimtoa mahabusu. Wewe ujiandae kuingia!"

Akakata. Juu ya ukuta uani jua lilikuwa limejaa, jua lile lile alilompangia mama yake, na mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Angeweza kwenda zake, kumwacha mume abembeleze, mke achoke, akubali siku moja kwa machozi. Watu wengi hupata nyumba hivyo hivyo.

Akatoa kalamu, akaandika namba nyuma ya risiti ya soko.

"Huyu ni mwanamke, yuko juu ya duka la rangi. Wakili wangu, lakini mpigie mwambie mimi nimejitoa, sinunui tena. Akishasikia hivyo atakuwa wako, na hatakuwa wa mumeo hata kidogo. Mpigie sasa, kabla hajarudi."

"Na wewe utanunua wapi?"

"Nitajua mimi." Akageuka haraka, maana alikuwa karibu kulia na hakupenda kulia barabarani.

Mama yake alimwona uso tangu mlangoni. Sajini akamsimulia yote, amesimama, mkoba bado begani. Mama akasikiliza, akatazama dirisha, akatazama magoti yake.

"Kwa hiyo bado ngazi."

"Bado ngazi, mama."

"Haya. Basi kliniki ya Jumatatu mwambie shemeji yako aje ashike mguu wa kiti. Si ana nguvu za kubamiza milango?"

Sajini akaichukua simu, akampigia.