Mihimili ya Boti ya Miwani

Boti ilipoingizwa karakanani juu ya trela, Msasa aliitambua hata kabla haijageuzwa. Alikijua kile kiraka cha ubavuni. Babake ndiye aliyekipiga, yeye akiwa ameshika kopo la resini, ile gundi ya majimaji yenye harufu kali, na kukemewa asipumue karibu.

Nyuma ya trela akashuka mwenyewe, yule ambaye mji mzima ulimwita Miwani kwa sababu ya miwani yake myeusi. Alivaa miwani hiyo juani, kivulini, msibani, na watu waliapa kwamba hata chooni.

"Fundi yuko wapi?" akauliza.

"Unaongea naye."

Miwani akamtazama kuanzia viatu hadi kilemba, asimtambue ni binti wa nani, kisha akaamua kumezea. Karakana yenye paa refu la kutosha boti ile ilikuwa moja tu, na fundi wake wa fiba alikuwa huyo. "Sakafu inacheza, dada. Nikikoleza injini, boti nzima inatetemeka kama ina homa. Na bila cheti cha mkaguzi sibebi abiria msimu huu."

"Ni mihimili hiyo. Ilibadilishwa lini mara ya mwisho?" Alikuwa na jibu tayari, lakini alitaka kulisikia kinywani mwa Miwani.

"Miaka minane. Kuna mzee mmoja, sasa marehemu, alinitilia mbao za masanduku. Alinitia hasara yule mzee, Mungu amsamehe."

Msasa aliandika tarehe kwenye daftari, akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Mihimili ndiyo mifupa ya boti ya injini. Ni mbao mbili ndefu zilizolala chini ya sakafu toka nyuma hadi mbele, zimevishwa fiba, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, nazo hubeba injini, sakafu na kila aliyekaa juu yake. Babake Msasa aliweka ile ya boti hii kwa mbao za mvule. Miaka miwili baadaye injini iling'oka kwenye kitako chake katikati ya maji, abiria mmoja akavunjika mguu, na Miwani akasimama gatini akatangaza kwamba fundi alimwekea mbao mbovu. Hakuna aliyefungua sakafu kuangalia. Walipachika vyuma juu, wakapaka fiba, maneno yakabaki kuwa yaleyale. Toka siku hiyo hakuna mwenye boti aliyemletea mzee kazi. Alimalizia maisha akichonga vibao vya kukalia jikoni, yeye aliyekuwa akiitwa kutoka miji mingine. Msasa alikuwa mbali wakati huo, akijifunza kazi, na aliporudi alimkuta babake amekuwa mtu wa kuinamisha uso akipita njiani.

Lililomuuma zaidi hakumwambia mtu. Hata yeye, siku mojamoja, aliwahi kujiuliza kama mzee alichoka akachukua mbao mbovu kweli. Alimchukia Miwani kwa mengi, lakini kwa hilo alimchukia mara mbili.

"Utaweka nini?" aliuliza Spana, fundi injini, ambaye alikuwa amepanda juu kufungua bolti ili waishushe injini. "Plaiwudi ya boti?"

"Plaiwudi ni nzuri ukibandika tabaka mbili na viungo visikutane. Povu gumu, lile la plastiki, haliozi, lakini penye bolti za injini lazima upachike kitu kigumu, la sivyo linabonyea. Mvule ni mzito na una mafuta yake, usipousugua vizuri fiba haishiki."

"Kwa hiyo?"

"Nimeshaagiza mbao."

Zilikuwa zimeegemea ukutani tayari: mbao laini nyeupe, zenye vifundo, zile za kufungashia mizigo. Spana aliziangalia, akamwangalia Msasa.

"Hizi ni za masanduku."

"Mwenyewe kasema aliwekewa za masanduku. Mimi nani nimbishie mteja?"

"Mwaka mmoja tu, hizi."

"Mwaka unatosha. Fiba mbili, rangi juu, hakuna atakayejua mpaka awe kule mbali." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga siku ya kufua.

"Boti hii inabeba watu kumi na wawili, dada yangu."

"Najua kuhesabu," alisema Msasa, akavaa barakoa yake ili mazungumzo yaishe. Usiku na mchana alikuwa akimwona Miwani peke yake majini, miwani ikielea. Wale kumi na wawili aliwasukuma pembeni, nao walikataa kukaa pembeni, jambo lililomzidishia hasira.

Walikata sakafu siku iliyofuata. Vumbi lilipotua, Msasa alichukua nyundo akaanza kugonga mhimili wa kulia toka nyuma. Ulilia kong, mkavu. Akasogea. Kong. Penye injini, kong. Akabandua fiba kwa patasi na mvule ukatokea, wa kahawia, mgumu, unanukia bado. Akasogea mbele kidogo na nyundo ikatoa mlio wa kugonga mkate.

Hapo palikuwa na skrubu. Skrubu nne, kisha nne nyingine, mstari mzima, pande zote mbili. Kila skrubu ilizungukwa na mbao nyeusi iliyolowa kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Nyingine zilishuka nyuma hadi mguuni pa kitako cha injini, na huko ndiko uozo ulikoteremkia, chini kwa chini, hadi bolti za mbele zikakosa pa kushika.

Babake alikuwa na mwiko mmoja. Hakuna skrubu iliyoingia kwenye mhimili wake kavukavu. Alitoboa tundu kubwa kwanza, akalijaza resini, akasubiri ikauke, ndipo akatoboa tundu dogo katikati ya ile resini. Kazi mara tatu kwa tundu moja. Wanafunzi wake walimcheka kisirisiri. Na sasa Msasa aliziona bolti za injini, kila moja imekaa ndani ya pete ya resini ya rangi ya asali. Hizi nyingine, za viti, hazikuwa na pete. Mzee hakuweka viti katika boti hii. Kuna mtu alikuja baadaye, akataka abiria zaidi, akatoboa hovyo na kuyakaribisha maji.

Msasa alikaa chini kwenye vumbi akalia. Alilia kwa hasira, na kwa aibu ya kumshuku mzee wake, na hakujali Spana alikuwa akimtazama.

"Rudisha zile mbao nyeupe," alisema alipomaliza.

"Umemsamehe?"

"Nimsamehe? Nimepata kubwa zaidi."

Ukaguzi wa kwanza hufanywa boti ikiwa wazi, na wenye boti wote huja, kila mmoja akitaka kusikia ya mwenzake. Walikuta mihimili ya zamani imelazwa juu ya meza mbili langoni, skrubu zikiwa mahali pake. Pembeni palikuwa na vipande vitatu: plaiwudi, povu gumu, mvule. Miwani alifika anatabasamu, akadhani ameandaliwa ushahidi.

"Si niliwaambia?" aliwaambia wenzake. "Oneni wenyewe."

"Hebu tuone," alisema mkaguzi. Alichoma patasi penye bolti za nyuma za injini, ikagoma. Akachoma penye skrubu, ikazama hadi mpini. Akainama, akaangalia pete za asali, akarudi kwenye skrubu, akarudi tena kwenye pete. "Haya matundu ya injini katoboa nani?"

"Yule mzee," alisema Miwani.

"Na haya?"

Miwani akasafisha koo.

"Haya ya viti nauliza. Nani?"

"Viti... niliongeza mimi. Nilitoboa mwenyewe, na drili ya kuazima. Ni viti tu."

"Uliyaziba?"

Mwenye boti mmoja, mtu mzima aliyekuwa rafiki wa mzee hadi siku ile ya gatini, alivua kofia yake akaishika kifuani, kisha akaangalia pembeni. Msasa alimwona, na hakumwonea huruma hata huyo.

"Chagua, bwana," alisema Msasa. "Mkaguzi anahitaji kuandika."

"Povu," Miwani alisema haraka. "Hilo haliozi."

"Povu ni zuri. Lakini ulisema kwa miaka sita kwamba ile mbao ni mbovu. Wewe na drili yako mlihitaji miaka miwili kuiua kipande tu, na kilichobaki bado ni kizima. Chagua tena."

Miwani alivua miwani akaifuta na shati, na macho yake yakaonekana madogo kuliko watu walivyodhani.

"Mvule," alisema.

"Sijasikia. Na wenzako hawajasikia."

"Mvule. Kama aliouweka baba yako." Ndiyo, kwa jinsi alivyomtetea mzee, alikuwa amejua sasa fundi huyu ni binti wa nani.

Msasa akaweka mvule. Aliusugua hadi mikono ikamtoka malengelenge, kila tundu akalitengeneza mara tatu, akauvisha fiba. Sehemu moja tu hakuipaka rangi: ile iliyo chini ya mfuniko wa nyuma, ambao mkaguzi aliagiza ufunguliwe kila asubuhi kuangalia maji kabla ya injini kuwashwa. Hapo aliiacha resini iwe angavu kama kioo, na chini yake, juu ya mbao, akaandika jina la babake kwa kalamu nene, na mwaka wa kazi ya kwanza.

Kabla resini ya mwisho haijamiminwa alimleta mama. Mama alipanda ngazi taratibu, akashikwa mkono na Spana, akainama juu ya tundu la mfuniko. Macho yake hayakuwa mazuri tena. Alipapasa mbao kwa kiganja.

"Umeandika jina lote?"

"Lote, mama. Na la babu."

"Na huyo mtu atalifungua kila siku?"

"Kila asubuhi. Ni amri."

Mama akafikiri. "Bado anavaa ile miwani yake myeusi?"

"Hata chooni, mama."

"Basi futa," alisema mama. "Andika tena, herufi kubwa zaidi."