Wageni wa Easter

Uongo wa Easter ulianza na mahamri sita. Zamani alikuwa akinunua mawili. Kazini kwake, kwenye kaunta ya duka kubwa mjini Malindi, hapakosi vituko: mteja amfokee kwa bei asiyoipanga yeye, meneja naye amwangalizie saa ati amechelewa dakika mbili. Basi jioni akirudi mtaani kwake Kisumu Ndogo hupita kibarazani kwa Bi Mwanatumu, muuza mahamri, akampa shikamoo yake, akatwaa mahamri mawili na mbaazi za nazi, na siku mbaya ikaishia hapo. Ilikuwa dawa, wallahi.

Kisha mamake akafariki huko Nyeri. Easter alikwenda akazika, akarudi siku ya nne maana ruhusa haikuzidi hapo, na mahamri mawili yakawa hayamfikishi popote. Meneja akifoka, anakula. Asipofoka, anakula. Siku alipoagiza sita, Bi Mwanatumu alimtazama, naye kwa kuona haya akasema amepata wageni kutoka bara.

Wageni gani hao wasioondoka? Sita yakawa manane, na viazi karai juu yake. Bi Mwanatumu akawa anawaulizia hali kila jioni, na Easter, bila kupepesa macho, akamjibu kwamba shangazi ana mafua, kwamba watoto wameanza kulizoea joto. Aibu ilimchoma, lakini hofu ilizidi. Malindi nzima ni mama huyu tu aliyemwita mwanangu. Akijua kwamba yote manane huliwa na mtu mmoja, kitandani, mlango umefungwa, atamwonaje?

Ikaja Idd. Alasiri akasikia hodi, na nje amesimama Bi Mwanatumu mwenyewe na sinia la pilau lililofunikwa kwa kawa, la kutosha watu wanane. Easter akauziba mlango kwa mwili wake, akasema wageni wamelala ndani. Bi Mwanatumu akainama kuweka sinia kizingitini. Hapo palikuwa na kandambili jozi moja. Akaziangalia kidogo, akaaga, akaenda zake.

Easter aliila pilau ile yote. Alianza kwa kijiko, akamalizia kwa mkono, akapita shibe, akapita maumivu, analia huku anatafuna. Sinia likabaki na mafuta matupu, na chumba kikawa kimya vilevile. Alimtaka mamake, basi.

Idd ilipokwisha, asubuhi moja kabla ya kazi, akalirudisha sinia na kilo mbili za sukari ndani, kwani alikwishajifunza kwamba Pwani chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Bi Mwanatumu alikuwa anageuza mahamri. Akapokea, akashukuru, akauliza kama wageni walishiba.

"Walishiba," akasema Easter.

"Na wewe?"

Easter alifungua mdomo ajibu ndiyo, yakatoka mengine.

"Mimi sishibi, mama. Tangu nimzike mamangu nakula tu, na sishibi."

Bi Mwanatumu akaepua karai motoni, wateja wawili wakingoja. Akafuta kibao kwa pindo la leso, akakisogeza kando yake.

"Keti, mwanangu. Mamako alikuwa akiitwa nani?"

Easter akaketi. "Wangechi," akasema. Kisha akalirudia, maana jina hilo lilikuwa halijatamkwa Malindi hata siku moja.