Kidole Kwanza, Karatasi Baadaye

Mwalimu Christiane alisali rozari nzima kutoka nyumbani Katuba mpaka mahakamani, na ombi lake lilikuwa moja tu: asiulizwe kitu.

Siku ya uchaguzi wa madiwani yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba cha kura. Donat, mume wa mdogo wake, alimshinda Mama Benita, muuza vitenge, kwa kura tatu tu katika vyumba vyote vya komini. Mama Benita akashtaki. Wiki saba zikapita za kwenda na kurudi: mara hakimu hayupo, mara umeme umekatika, mara sanduku halijaletwa. Leo sanduku la chumba cha Christiane lilikuwa mezani.

Karani alisoma namba za lakiri, mashahidi wa pande zote mbili wakasogea kuzihakiki, ndipo zikakatwa. Kila karatasi iliinuliwa, ikaonyeshwa kulia, ikaonyeshwa kushoto, jina likatajwa, kistari kikapigwa. Mvua ilipiga mabati, karani akawa anarudia majina hadi sauti ikamkauka. Saa sita mchana hesabu ilikuwa ile ile ya Christiane.

"Yaya, si unaona?" Donat alimnong'oneza, akimwita dada mkubwa kama mkewe alivyozoea. "Bataishia kuchoka bure."

Ikabaki bahasha ya kura zilizoharibika. Tisa. Tatu zilikuwa tupu, hazikuwa na ubishi. Sita zilikuwa na doa jeusi la kidole: tano za Benita, moja ya Donat.

"Karatasi yenye alama imekufa," alisema mzee Godefroid, shahidi wa Donat. "Alama njo njia ya kuuzisha kura, kila mutu anajua."

Mama Benita akaruka. "Mi niko nani wa kununua mutu? Bwana yangu mwenyewe sijui kama alinichagua!"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha waliochoka. Hakimu hakucheka. Wino, alisema, hupakwa mwisho, mtu akiwa amekwisha kutumbukiza karatasi sandukuni. Basi doa hili limefikaje hapa, kama si kwa makusudi? Hakumwuliza yeyote. Alishika kalamu aandike.

Mungu alikuwa amemsikia Christiane. Hakuulizwa. Lakini badala ya kupumua, alihisi sala iliyojibiwa ikimlemea kifuani.

Siku ya uchaguzi mashine ya kuchapa karatasi za kura iligoma mpaka mchana. Watu waliosimama tangu alfajiri wakawa wanapiga kura na kukimbilia nyumbani bila kupakwa wino. Ni yeye aliyeamuru: kidole kwanza, karatasi baadaye. Jioni, wakati wa kuhesabu, macho yakifumbika, aliona madoa, akakumbuka sheria waliyofundishwa, akaandika "batili". Chupa ya wino hakuikumbuka. Aliikumbuka siku ya tatu, akifua kitenge chake chenye doa lile lile. Wakati huo kwa Donat mbuzi wa sherehe alikuwa amekwisha kuchinjwa.

Akasimama.

"Mheshimiwa, wino ule ni wangu."

Akaeleza yote. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Kwa nini hukuandika haya kwenye ripoti yako?" hakimu aliuliza.

"Nilisahau. Halafu nikakumbuka, nikanyamaza."

"Unajua hutapewa tena chumba cha kura?"

"Najua, Mheshimiwa."

Hakimu akashauriana na wenzake, kisha akamwambia karani aongeze vistari: vitano huku, kimoja kule. Mama Benita akawa ameshinda kwa kura moja.

Nje barazani Mama Benita alimshika mikono. "Mwalimu, aksanti sana."

"Usinishukuru, mama. Nilikaa na kitu chako wiki saba."

Donat alingoja mpaka yule mama aende. Hakupaza sauti, pengine na yeye alikuwa amechoka.

"Yaya, hakimu alikuwa anaandika. Alikuwa anamaliza! Nani alikuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa ulisema juu ya nini?"

Christiane aliketi kwenye ngazi yenye maji, bila kujali sketi yake.

"Njo sababu ile, Donat," alisema. "Kama mutu angeniuliza, labda ningekana."